Mwanambuzi Hapakwi Katrani

Asubuhi nyumbani kwetu huanza na ugomvi wa mbuzi. Wao wanalia wafunguliwe. Mama mkwe anawajibu. Nao wanamrudishia.

"Kelele!" anawaambia. "Hata mimi sijanywa chai!"

Mimi hukanda unga wa shayiri. Mume wangu, Bassu, huwasha kuni na kuteleka birika la chai ya mnanaa. Mtoto wetu, Tiziri, hulala juu ya zulia la sufu karibu na goti langu. Nikiuchapa mkate, hushtuka. Nikimwimbia, hulala tena.

Mambo ninayoyaeleza hapa yalianza Tiziri alipokuwa na siku thelathini na sita.

Nyuma ya nyumba yetu kuna msitu wa arari. Majani ya mti huu ni membamba, na mbao zake zinanukia. Kuni zetu ni arari. Boriti za nyumba ni arari. Mizizi yake ikipikwa katika tanuri la udongo, hutoa mafuta meusi, mazito, yenye harufu ya moshi. Tunayaita katrani.

Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa mpikaji wa katrani. Watu walivuka mabonde mawili kuja kununua kwake. Mama mkwe wangu, Rabha, alijifunza kazi hiyo kwake. Mbuzi akishikwa na upele, Rabha humpaka. Kwato ikioza, Rabha huipaka katrani na kuifunga. Kondoo akijikata, Rabha huzungusha mstari mweusi pembeni mwa kidonda, na nzi hawasogei.

Kwa hiyo katika kijiji chetu ukisema neno baya juu ya katrani, umemsema Rabha. Tena umemsema marehemu.

Kwetu mtoto akifika siku ya arobaini, wanawake hukusanyika. Bibi yake humpaka katrani utosini, pale panapodunda. Wanasema baridi haitamwingia, wala jicho baya. Bassu alipakwa. Mimi nilipakwa.

Tiziri alikuwa ameota magamba ya njano kichwani, kama ukoko wa uji. Asubuhi ile Rabha aliyagusa kwa kidole.

"Hii ni baridi inatafuta njia ya kutoka," alisema. "Nisingoje arobaini. Nimpake leo."

"Mama, naomba tungoje," nikasema. "Nitamuuliza muuguzi kwanza."

"Muuguzi! Yule msichana ana watoto wangapi?"

"Hana bado."

"Mimi nimelea sita. Na mbuzi siwahesabu."

Bassu alicheka, akakohoa, akajifanya anapuliza moto. Mimi pia nilicheka. Nilidhani yamekwisha.

Kila Jumanne, baada ya sala ya alasiri, wanawake tunasoma msikitini. Mwaka juzi sikujua kuandika hata jina langu, Tuda. Sasa naandika barua. Siku ile nilimnyonyesha Tiziri akashiba, nikamwacha kwa bibi yake kama kawaida. Nilikwenda na daftari langu nikiwa na furaha.

Niliporudi, jua lilikuwa bado juu ya mlima. Kabla sijavua viatu nilisikia ile harufu.

Tiziri alikuwa mapajani mwa Rabha. Kichwa chake kilifungwa kitambaa cheupe. Kitambaa kilikuwa kimeanza kuwa cheusi.

"Amelala vizuri," Rabha alisema. "Tangu nimpake hajalia."

Nilimchukua. Alikuwa amelegea. Nilimpa titi. Alilishika, akaliachia. Nikampa tena. Akaliachia tena. Mtoto wangu, ambaye hunyonya mpaka anatoka jasho puani!

Nilifungua kitambaa. Katrani ilikuwa imeenea kichwa kizima. Pembeni ngozi ilikuwa nyekundu.

Nilitaka kupiga kelele. Maneno mabaya yalikuwa tayari mdomoni. Lakini kelele haziondoi katrani. Nikayameza.

"Mama," nikasema, "chukua chupa ya katrani. Twende zahanati."

"Chupa ya nini tena?"

"Muuguzi aone ni dawa gani. Twende, Mama."

Rabha alinitazama usoni. Sijui aliona nini. Alichukua chupa, akajitanda shela, akatoka mbele yangu. Bassu alikuwa malishoni na mbuzi. Tulishuka mteremko sisi wawili.

Muuguzi wetu anaitwa Ghizlani. Anakaa nyumba iliyo jirani na zahanati. Tulimkuta mlangoni anamenya njegere. Alipotuona aliweka bakuli chini, akainuka.

"Amepakwa nini?"

"Katrani," nikasema.

"Saa ngapi?"

"Baada ya alasiri," Rabha akajibu.

"Mdomoni je? Amepewa hata kidogo?"

"Hapana. Nilitaka kumtia tone moja ulimini, lakini alikuwa amelala."

"Basi Mungu ndiye aliyemlaza," Ghizlani akasema. "Ingieni."

Alinawa mikono, akavaa glavu. Akamvua Tiziri nguo zote, maana nguo nazo zilikuwa na katrani. Akaosha kichwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Hakusugua. Aliosha, akasuuza, akaosha tena. Nilihesabu mara nne. Tiziri akaanza kulia. Kilio kile kilikuwa kitamu kuliko asali.

"Mfunike asipate baridi," Ghizlani aliniambia. Akahesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi. Akamulika macho yake kwa tochi ndogo. Akampima joto. Kisha akapiga simu hospitali ya mjini, akaongea na daktari.

"Anapumua vizuri," akatuambia. "Lakini daktari anataka akae hospitali usiku huu aangaliwe. Sumu hii inaweza kuchelewa kuonekana. Gari linakuja."

Rabha aliposikia neno sumu, alisimama.

"Sumu? Mimi nimempa mjukuu wangu sumu? Katrani ya mume wangu ni sumu?"

"Kaa, Mama," Ghizlani akasema kwa upole. "Umefanya jambo zuri kuja na chupa. Wengi huiacha nyumbani, nasi tunabaki kubahatisha." Akafungua kizibo, akanusa. "Hii umeipika mwenyewe?"

"Nani mwingine?"

"Ni safi. Haina moshi mwingi. Baba yangu alikuwa ananunua ya marehemu mume wako. Kondoo wetu wote walipona upele."

Rabha akakaa. Bado alikuwa amekunja uso.

"Basi kama unaijua, mbona unanitazama kama mwizi?"

"Sikutazami hivyo. Nataka unifundishe. Mwanambuzi wa mwezi mmoja akiwa na upele, unampaka katrani?"

Rabha alicheka kwa dharau.

"Weye umekulia wapi? Mwanambuzi hapakwi katrani! Ngozi yake haijakomaa. Inakunywa dawa yote. Atatetemeka, ataacha kunyonya, atakufa. Marehemu alikuwa ananiambia kila mara, 'Subiri mpaka ale majani.'"

"Subiri mpaka ale majani," Ghizlani alirudia polepole. "Na Tiziri, anakula nini?"

Tiziri alikuwa anatafuta titi kwa mdomo. Nilimpa. Mara hii alilishika, akavuta. Akavuta tena.

Rabha alimtazama akinyonya. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye kucha.

"Lakini sote tulipakwa," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Mimi, mama yangu, watoto wangu. Tuko hai."

"Mlio hai ndio mnaosimulia, Mama. Wengi walipakwa tone dogo, wakavuka. Wengine hawakuvuka, tukasema ni baridi."

Rabha aliificha mikono yake chini ya shela.

Tukingoja gari, nilimuuliza Ghizlani yote niliyotaka kujua. Nilimwambia aseme polepole, niyaweke kichwani, nikifika nyumbani niyaandike.

"Kwani arari ni mti mbaya?" nilianza.

"Mti si mbaya. Dawa ni kipimo, na katrani ya chupa haina kipimo. Leo ni nzito, kesho ni nyepesi. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba sana. Kinachopakwa juu kinaingia ndani, kinafika kwenye figo, kinafika kwenye ubongo. Mtoto analegea, au anatetemeka, au anashindwa kupumua. Nyinyi mnasema ametulia."

"Na mtu mzima?"

"Mtu mzima mwenye ngozi ya magamba anaweza kuandikiwa na daktari mafuta ya duka la dawa. Mengine yana katrani ndani, iliyosafishwa, kidogo sana. Hiyo imepimwa. Ya chupa asijipake mwilini bila kuuliza. Na kuinywa, hapana. Si kwa kikohozi, si kwa minyoo, si kwa tumbo. Mtu yeyote asiinywe."

"Na chai ya majani ya arari? Yamna jirani yetu alinipa nilipokuwa na mimba. Alisema itanisafisha tumbo."

Ghizlani alishtuka. "Ulikunywa?"

"Ilikuwa chungu. Nilionja, nikaimwaga bustanini kwa siri."

"Uchungu wake ulikuokoa. Mjamzito asinywe kabisa. Inaweza kuharibu mimba. Kabla hujanywa majani yoyote na una mimba, au unanyonyesha, uliza kwanza."

"Na mtu akiinywa kwa bahati mbaya?"

"Msimtapishe. Msimpe maziwa mkidhani yatazimua sumu. Mleteni mbio, na chupa yenu."

Nikamuuliza juu ya yale magamba. Alitabasamu.

"Hayo si baridi. Watoto wengi wanayo. Dawa yake unayo jikoni. Mafuta ya zeituni kidogo, ngoja robo saa, chana taratibu kwa kitana laini, halafu osha kwa sabuni ya mtoto. Usibandue kwa kucha. Lakini si leo. Leo ngozi imeungua kidogo, iache ipumzike. Ijumaa nitapita niione. Magamba yakitoa maji au damu, mlete."

Gari likaja. Rabha alitaka kupanda nasi. Dereva alisema nafasi ni ya mama na mtoto tu. Rabha alivua shela yake ya sufu, akaniwekea mabegani, akarudi mlimani peke yake na upepo.

Hospitali walimwangalia Tiziri usiku kucha. Walipima mkojo wake na damu yake. Asubuhi alinyonya mpaka akatoka jasho puani. Jumatano jioni Bassu alikuja kutuchukua.

"Mama anasemaje?" nilimuuliza njiani.

"Hasemi. Hata mbuzi leo hakuwajibu."

Siku mbili Rabha hakusema ila maneno ya kazi. Lete maji. Funga mlango. Chumvi iko wapi. Hakumbeba Tiziri. Alikuwa anapita karibu naye, anasimama, anaendelea. Iliniuma. Nilitaka kumwambia, Mama, mbebe. Lakini nilikuwa na hofu pia. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya arobaini.

Ijumaa Ghizlani alipita kama alivyosema. Aliigusa ngozi ya kichwa, akafurahi. "Imepona. Sasa mnaweza kuanza mafuta ya zeituni." Rabha alikuwa anafagia ua. Alifagia mahali pamoja muda mrefu sana.

Jioni Bassu alijaribu.

"Mama, kesho ile katrani..."

"Kesho ni kesho," Rabha akamkata. "Nenda kachinje kuku."

Sikujua maana yake. Wanawake wote wangekuwepo. Ni aibu kubwa kumzuia mama mkwe mbele ya watu, tena nyumbani kwake. Lakini niliamua. Akileta katrani karibu na kichwa cha mwanangu, nitakifunika kwa mkono wangu. Aibu huisha. Mtoto ni huyu mmoja.

Jumamosi walikuja. Walileta mayai, tende na mafungu ya sukari. Tuliwapikia kuku na uwatu, tukaloweka mikate myembamba katika mchuzi. Chumba kilijaa vicheko. Jirani yetu Yamna alikaa karibu kabisa na mtoto, kama kawaida yake.

"Nasikia mlimwosha katrani yote!" alisema kwa sauti. "Maskini! Sasa baridi itaingia kama mlango wa sokoni!"

"Kula kuku, Yamna," mtu mmoja akamwambia. Watu wakacheka.

Rabha akaingia na sinia. Juu yake kulikuwa na chupa ya katrani na kibakuli kilichofunikwa. Wanawake wakaacha kula. Moyo wangu ulikuwa unadunda kama utosi wa Tiziri. Niliweka mkono juu ya kichwa chake.

Rabha alisimama mbele yangu. Aliuona mkono wangu. Wote waliuona.

"Shika hivyo hivyo," alisema. "Mama mzuri hushika hivyo."

Akachovya kidole kwenye katrani. Akageuka, akaenda mlangoni. Akapaka boriti ya juu, alama tatu nyeusi, mafuta ya arari juu ya mti wa arari.

"Jicho baya lisome hapo," alisema, "kama linajua kusoma."

Kisha akafunga chupa. Akanawa mikono kwa sabuni. Akanawa tena. Akajinusa vidole, akanawa mara ya tatu. Ndipo akafunua kibakuli. Yalikuwa mafuta ya zeituni ya mwaka huu, ya kijani.

"Sasa nipe mjukuu wangu," aliniambia.

Nilimpa. Alimpokea kwa mikono miwili, akamweka kifuani, akafumba macho kidogo. Kisha akampaka mafuta kichwani, taratibu, bila kubonyeza utosi.

Yamna hakuweza kuvumilia.

"Rabha! Mke wa mpika katrani! Marehemu angesema nini?"

Rabha hakuinua macho. "Yamna, kile kitoto cha mbuzi chako kilichozaliwa juzi, umekipaka katrani?"

"Mimi nina wazimu? Kitakufa!"

"Nani alikwambia?"

Yamna alishusha kipande cha mkate alichokuwa amekishika. "Marehemu mume wako," akasema.

"Basi ndivyo angesema leo. Subiri mpaka ale majani. Mbuzi wako ana thamani kuliko mjukuu wangu?"

Wanawake walicheka mpaka sukari ikamwagika. Yamna naye alicheka, akajipiga paja. Baada ya muda akauliza taratibu, "Na yale mafuta mnaacha muda gani? Binti yangu wa pili anajifungua mwezi ujao."

"Robo saa," Rabha akasema. "Na binti yako asinywe ile chai yako ya majani. Muulize Tuda. Ameyaandika yote."

Nilisimama, nikaleta daftari langu. Nikawasomea. Ilikuwa mara ya kwanza kusoma mbele ya watu. Nilikwama mara mbili. Walinisubiri.

Sasa Tiziri ana miezi minane. Magamba yaliisha ndani ya wiki tatu, na nywele zake zimeota nyeusi, zinajikunja. Ana meno mawili, na juzi alitafuna jani la mnanaa.

"Amekula majani!" Bassu alipiga kelele. "Mama, lete katrani!"

Rabha alimrushia kandambili.

Bado tunapika katrani kila vuli. Zamani tuliiweka katika chupa za soda, chini ya meza. Sasa tumepata vichupa vidogo vyenye vizibo vigumu, na vinakaa juu ya boriti, mkono wa mtoto haufiki. Juu ya kila kimoja nimebandika karatasi. Nimeandika: *Ya mifugo. Isinywewe. Mtoto asipakwe.* Kwa wasiojua kusoma nimechora mbuzi, na pembeni mtoto aliyepigwa mstari.

"Mbuzi wako anafanana na mbwa," Rabha aliniambia.

"Basi Mama njoo darasani, uchore mwenyewe."

Alikuja. Anakaa safu ya nyuma, analalamika kwamba kalamu ni nyembamba.

Siku ya gulio yeye ndiye anayeuza. Juzi nilikaa naye. Mwanamke mmoja kijana alikuja, amejifunga mtoto mgongoni, akaomba chupa moja. Rabha hakumpa. Alimuuliza kwanza, kama anavyomuuliza kila mtu siku hizi.

"Nani anaumwa? Ana miguu miwili au minne?"

"Miwili," yule mwanamke akasema, akamgeuza mtoto mbele. "Huyu. Anakohoa."

Rabha alirudisha chupa chini ya shela yake. Akainuka, akajikung'uta vumbi.

"Tuda, kaa na vitu," aliniambia. Akamshika yule mwanamke mkono, wakaondoka pamoja kuelekea zahanati.